Ripoti ya mishahara haibalansi na mfumo: nifute violezo vyote nianze upya?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mhasibu msaidizi katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, nina miezi mitano kazini. Aliyenitangulia aliondoka bila kunikabidhi vizuri. Kwenye mfumo wa mishahara nimekuta violezo vya ripoti 143 (miundo ya ripoti iliyohifadhiwa tayari), vingine vinaitwa "mpya", "mpya2", "ya bosi", "ya bosi sahihi". Kila mwisho wa mwezi natoa ripoti, naihamishia Excel, halafu naitengeneza kwa mkono siku mbili nzima. Ripoti yangu ya Juni ya mshahara ghafi (kabla ya makato) kwa idara imetoka 184,020,000, wakati muhtasari wa mfumo unasema 187,460,000. Mwezi huo wafanyakazi wanne waliacha kazi katikati. Tena ripoti ya Machi niliyoitoa Aprili, na hiyo hiyo niliyoitoa juzi, hazilingani kwa idara ingawa jumla kuu ni ile ile. Meneja anasema nifute vyote nianze upya. Nifanyeje? Na hivi violezo nani anapaswa kuviona?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa sasa usifute hata kimoja. Ukifuta, umefuta pia ushahidi wa namna takwimu za miezi iliyopita zilivyopatikana, na siku mkaguzi akiuliza kwa nini Januari ilisomeka hivi, hutakuwa na cha kumwonesha. Tuanze na hizo pesa zinazokosekana. Violezo vitasubiri.

Tofauti yako ni 3,440,000. Na jibu, naona, umeliandika mwenyewe ndani ya swali: wanne waliacha kazi katikati ya mwezi. Fungua kile kiolezo, nenda kwenye vichujio, yaani masharti ya nani aingie kwenye ripoti, usome sharti moja moja kwa sauti. Nina karibu hakika utakuta sharti linalotaka hali ya mfanyakazi iwe "yuko kazini". Aliyeliweka hakuwa mjinga. Alitaka majina ya watu walioondoka miaka ya nyuma yasimjazie karatasi. Lakini wewe ripoti ya Juni unaitoa Julai. Mtu aliyeondoka tarehe 14 Juni hali yake imeshabadilishwa kwenye faili lake, kwa hiyo kichujio kinamtupa nje pamoja na siku zake kumi na nne alizosimama kwenye meza ya minofu, na likizo aliyolipwa kwa sababu hakuichukua. Pesa zimetoka benki, ila ripoti haimjui.

Thibitisha hivi. Nakili kiolezo, kwenye nakala toa lile sharti, kisha itoe ripoti ya Juni upya. Ikifika 187,460,000, umempata mwizi. Halafu weka sharti lililo sahihi: awe na malipo katika mwezi wa mishahara uliochaguliwa. Yaani usiulize nani yupo, uliza nani amelipwa. Hilo peke yake lingeokoa nusu ya ripoti mbovu nilizowahi kuletewa.

Isipofika, usianze kubahatisha. Toa orodha mbili za namba za wafanyakazi, moja kutoka ripoti yako na nyingine kutoka muhtasari wa mfumo, uzilinganishe namba kwa namba. Wasiokuwepo upande mmoja wataonekana. Wakiwepo wote pande zote mbili, tafuta mwenye kiasi tofauti. Kazi hiyo ni ya saa moja.

Sasa Machi. Jumla kuu haijabadilika, idara ndizo zimebadilika. Hiyo ni dalili safi kabisa, kama homa ya jioni inavyomwelekeza daktari. Pesa za Machi hazijaguswa. Kilichoguswa ni mahali watu walipo. Kati ya Aprili na juzi kuna watu walihamishwa, tuseme kutoka ukataji minofu kwenda ufungashaji, au kutoka mapokezi kwenda chumba cha baridi. Kiolezo chako kinachukua malipo ya Machi, lakini jina la idara kinalichota kwenye faili la mfanyakazi jinsi lilivyo leo. Kwa hiyo mtu aliyekata minofu Machi nzima, leo mshahara wake wa Machi unahesabiwa ufungashaji. Meneja wa uzalishaji akipanga gharama kwa takwimu hizo anadanganywa, na hakuna aliyekusudia kumdanganya.

Mifumo mingi ya mishahara huhifadhi idara mara mbili: ile ya kwenye faili la mtu, na ile iliyogandishwa kwenye kumbukumbu ya malipo mwezi ulipofungwa. Kwenye orodha ya vipengele vya kuchagua huwa na majina yanayofanana mno, na wengi huchukua la kwanza wanaloliona. Tafuta lile lililo chini ya kundi la malipo au historia, si lile lililo chini ya taarifa za mfanyakazi. Hivyo hivyo kwa cheo, kituo cha kazi na hata akaunti ya benki. Ripoti ya mwezi uliofungwa ichukue kila kitu kutoka mwezi huo. Na ripoti uliyokwisha kumkabidhi meneja, itunze nakala yake ya PDF siku ile ile. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 kumbukumbu za biashara zinatunzwa miaka mitano, na nakala iliyotolewa siku ile ina uzito kuliko ile unayoitoa leo ukitumaini itafanana.

Sasa tuje kwa hivyo 143. Toa orodha yao yote pamoja na tarehe ya mwisho kila kimoja kilipotumika na jina la aliyekitengeneza, kama mfumo wako unaonesha. Tenga kwanza vile vilivyokuja na mfumo wenyewe. Hivyo usiviguse kamwe. Ukitaka kuongeza safu, nakili kwanza, uhariri nakala, maana mfumo ukija kuboreshwa, kile cha asili kinaweza kuandikwa upya na marekebisho yako yakafutika usiku mmoja. Vilivyobaki ambavyo havijatumika kwa miezi kumi na tano vihamishie kwenye folda ya kumbukumbu ambayo ni wewe na mkuu wako tu mnaiona. Nasema kumi na tano kwa sababu zipo ripoti za nusu mwaka na za mwaka; ukikata kwenye miezi mitatu utaitupa ya Desemba na utaijutia Desemba. Bila shaka utabaki na thelathini hivi, na ndani ya hivyo thelathini, "ya bosi" na "ya bosi sahihi" ni ripoti moja yenye safu mbili tofauti.

Majina yaseme kazi. Mimi huanza na namba, kisha kinachohesabiwa, kisha kwa mgawanyo gani, kisha mara ngapi: "03 Mshahara ghafi kwa idara, kila mwezi". Kwenye sehemu ya maelezo naandika nani aliiomba, inalinganishwa na nini, na tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Neno "mpya" lisionekane kwenye jina lolote, kwa sababu upya wake unaisha wiki ijayo.

Hukuniuliza moja kwa moja namna ya kuandika ripoti yako mwenyewe, lakini naona hapo ndipo shida yako ya siku mbili za Excel ilipo, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kabla hujafungua mfumo, chukua karatasi uandike swali ambalo ripoti inajibu. Sentensi moja. Halafu jiulize: mstari mmoja wa ripoti hii ni nini? Ni mtu mmoja? Ni malipo ya mtu kwa mwezi mmoja? Ni kipengele kimoja cha malipo, kwamba posho ya usafiri ina mstari wake na saa za ziada zina wake? Watu wanaliruka swali hili, na ndilo linalozaa jumla za ajabu.

Chukulia mfanyakazi mmoja mwenye mshahara wa msingi wa 900,000, asiye na posho. Ameomba sehemu iende benki na sehemu iende kwenye SACCOS, kwa hiyo ana akaunti mbili. Wewe umeandika ripoti ya mshahara ghafi, mstari mmoja mtu mmoja, inatoka sawa. Meneja anasema, "Niongezee na namba ya akaunti." Unaongeza safu. Mfumo, ukitii ulichouambia, unamleta mara mbili, kila akaunti na mstari wake, na kila mstari una 900,000. Jumla imepanda kwa 900,000 ambazo hakuna aliyelipwa. Hujagusa safu ya pesa hata kidogo. Umebadilisha maana ya mstari bila kujua.

Ndiyo sababu kila ripoti yangu ya pesa ina vipimo viwili chini kabisa: jumla ya pesa na idadi ya watu, vyote vikilinganishwa na muhtasari wa mfumo wa mwezi huo. Jumla peke yake haitoshi. Wanne wakikosekana na wengine wakijirudia, makosa mawili yanaweza kufichana na jumla ikakaribia ukweli. Idadi ya watu itawaumbua. Na uhesabu watu, usihesabu mistari.

Kwenye kuchagua vipengele, kuna kosa lingine ambalo hapa kwetu linatesa sana: kuweka asilimia ndani ya kiolezo. Mtu anataka safu ya tozo ya ujuzi, SDL, anaandika fomula: mshahara ghafi mara 0.04. Ilikuwa sahihi alipoiandika. Julai 2023 kiwango kikashuka hadi asilimia 3.5, mfumo ukarekebishwa, lakini kiolezo kikaendelea kuzidisha kwa 0.04 kimya kimya. Mchango wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, kwa sekta binafsi ulitoka asilimia 1 hadi 0.6 Julai 2021, kisha 0.5 Julai 2022. Mara mbili ndani ya miezi kumi na mitatu. Kiolezo chenye fomula ya namna hiyo kina umri wa bajeti moja ya serikali. Chukua kiasi ambacho mfumo umeshakikokotoa na kukihifadhi, usikikokotoe upya. Na miongoni mwa hivyo 143, fungua kila chenye safu ya kukokotoa uangalie kama kuna asilimia iliyojificha. Kila Juni, kabla mwaka wa fedha haujageuka, rudia ukaguzi huo.

Kujaribu ripoti mpya, usiijaribu kwa mwezi ambao haujafungwa. Chukua mwezi uliofungwa na kulipwa, na watu wako watatu unaowajua vizuri: mmoja wa kawaida, mmoja aliyeondoka katikati ya mwezi, na mmoja mwenye akaunti mbili au malimbikizo. Yule wa kawaida mkokotoe kwa kikokotozi mkononi. Yule wetu wa 900,000, tuseme ana mkopo wa elimu ya juu. Mchango wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10 ni 90,000, anabaki na 810,000 za kutozwa kodi. Kwa viwango vya kodi ya mshahara, PAYE, vilivyoanza Julai 2021, yuko kwenye daraja la kuanzia 760,000: 68,000 kuongeza asilimia 25 ya zile 50,000 zinazozidi, yaani 80,500. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 135,000. Mkononi anabaki na 594,500. Ripoti ikisema hivyo kwa yeye, na ikawataja wale wawili wengine ipasavyo, unaweza kuiamini kwa watu mia tatu. Malimbikizo yaangalie kwa jicho la pekee: ya Aprili yaliyolipwa Juni ni pesa za Juni kwenye ripoti ya malipo, hata kama yana jina la Aprili.

Kuna kiolezo kimoja ambacho nakuomba ukifunge kabisa: kile kinachotoa faili la kupeleka benki. Nakuambia kwa sababu kosa hili nililifanya mimi. Nilikuwa kampuni moja pembezoni mwa ziwa, mwisho wa mwezi, siku ya Ijumaa. Mkuu wangu alitaka kwenye orodha ya benki ionekane na kituo cha kazi cha kila mtu, nami nikaongeza safu hiyo palepale kwenye kiolezo, katikati ya jina na namba ya akaunti. Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini faili la benki husomwa na mashine kwa nafasi ya safu. Safu ya tatu ndiyo akaunti, hata ukiandika nini juu yake. Benki ililikataa faili lote saa kumi jioni, na ofisi za benki zikafungwa. Jumamosi nilipita Kirumba nikamkuta mama mmoja wa usafi ametoka kwenye mashine ya kutolea pesa mara ya tatu asubuhi ile, mwanaye amebebwa mgongoni, ananiuliza mimi kama mshahara umeingia. Walilipwa Jumatatu. Tangu siku ile, kiolezo cha benki kwangu kina mtu mmoja wa kukihariri na mwingine wa kuidhinisha, na anayetaka orodha ya kupendeza anatengenezewa nyingine.

Kwenye Excel sikukatazi, ila kuna mtego ambao lazima umeshakunasa. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Excel ikiichukulia kuwa ni namba ya hesabu, hushika tarakimu 15 za mwanzo tu, na tano za mwisho hugeuka sifuri. Kwenye kisanduku utaona kitu kama 1.99E+19, ukikibadilishia muundo kuwa namba unaona tarakimu zote ishirini na unadhani umepona, kumbe mwisho ni sifuri tano mfululizo na namba ya mtu imepotea. Vivyo hivyo namba ya akaunti inayoanza na sifuri: sifuri inadondoka na akaunti inapungua tarakimu. Kwenye kiolezo chenyewe iwekee safu hiyo aina ya maandishi, si namba. Na faili lenye mikato (CSV) usilifungue kwa kulibonyeza mara mbili. Ingia Excel kwanza, ulilete ndani kwa njia ya kuleta data, uiambie safu hiyo ni maandishi. Ukishalihifadhi likiwa limeharibika hakuna namna ya kuzirudisha tarakimu. Inabidi uitoe ripoti upya.

Kadiri kiolezo kinavyofanya kazi ya kupanga, kuweka makundi na jumla ndogo za idara, ndivyo siku zako mbili zitakavyopungua. Andika kila kitu unachokifanya kwa mkono mwezi huu, kuanzia kufuta safu hadi kubadilisha majina. Kila unachokirudia mwezi hadi mwezi kihamishie kwenye kiolezo. Kinachobaki, ambacho ni kweli kinabadilika kila mwezi, kitakuwa cha saa mbili.

Nani avione? Kiolezo ni kitu kimoja, na takwimu zinazotoka ndani yake ni kitu kingine. Kwenye mifumo mingine msimamizi wa idara akifungua kiolezo cha wote anaona watu wa idara yake tu, kwa sababu haki zake zinamfuata. Kwenye mingine, akipewa kiolezo amepewa kiwanda kizima. Usikisie: omba akaunti ya majaribio yenye haki za msimamizi, ingia nayo, ufungue ripoti, uone kwa macho yako. Mimi ningegawa hivi: vya wote viwe vile visivyo na majina, kama jumla kwa idara, vyenye majina na viwango vibaki kwako, kwa mkuu wako na kwa rasilimali watu, vya kwako binafsi vya majaribio vikae kwenye folda yako hadi vipimwe. Na jina la mtu aliyekutangulia liondolewe kwenye haki leo hii, kama bado lipo.

Hili si suala la heshima tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakubana wewe unayeshika taarifa za watu. Mshahara wa mtu, deni lake la Bodi ya Mikopo, namba yake ya NIDA, vyote ni taarifa binafsi. Toa safu ambayo swali la ripoti halihitaji. Meneja wa uzalishaji anayetaka gharama ya saa za ziada hana haja ya kujua nani anakatwa mkopo. Na naomba sana, printa ya ofisi ikiharibika, usibebe flashi ya mishahara kwenda kwenye steshenari ya mtaani. Nimewahi kukaa kwenye kiti cha steshenari moja, Nyamagana, nikisubiri fotokopi, na juu ya kioo cha kompyuta yao likawa limekaa faili la mishahara ya kampuni ya watu, limeandikwa mwezi na mwaka, yeyote abonyeze.

Kuhusu meneja wako, usimwendee na neno "hapana" mkononi. Leo mchana toa ile nakala isiyo na sharti la "yuko kazini", upate majina ya wale wanne na kiasi cha kila mmoja, uyaweke kwenye karatasi moja yenye mistari minne na jumla 3,440,000 chini yake. Mpelekee hiyo, na chini yake umwombe mambo mawili: wiki mbili za kupunguza violezo, na mtu wa pili wa kuidhinisha kile cha benki. PAYE na SDL za Juni zinatakiwa kufika kabla tarehe 7 Julai haijapita, kwa hiyo kabla ya yote hakikisha zilichukuliwa kwenye muhtasari wa mfumo wenye wale wanne, si kwenye ripoti yako ya idara. Kama zilichukuliwa kwenye ripoti, niandikie tena kesho asubuhi kabla hujarekebisha chochote.